Nyumba Njema Si Mlango: Kasha la Kompyuta katika Joto la Voi



Juma hili tumeomba nafasi katika ukurasa huu wa familia ili tueleze kisa cha nyumbani kwetu, hapa Voi, kilichoanza kwa furaha, kikaingia lawama, na kikatuachia somo ambalo twaona si haki kulificha. Kisa chenyewe chahusu kompyuta ya mezani, na hasa kasha lake, kile kisanduku cha nje ambacho wengi wetu hudhani ni pambo tu.

Kijana wetu wa pili asomea uhandisi wa madini, na yumo katika mwaka wake wa mwisho. Wakazi wa Taita Taveta hatuhitaji kuelezwa thamani ya elimu hiyo. Ardhi yetu ndiyo itoayo tsavoriti, kito cha kijani kilichopewa jina la Tsavo hii hii mwaka 1974, na Chuo Kikuu cha Taita Taveta hufundisha uchimbaji wa madini karibu na milango yetu. Mhandisi wa leo hapasui mwamba kwa kubahatisha. Huuchora kwanza ndani ya kompyuta kwa pande tatu, tabaka kwa tabaka, akaona mshipa wa madini waelekea wapi kabla ya kuchimba hatua moja. Kazi hiyo ni nzito, na laptopu ndogo ya kijana wetu ilikuwa ikiichukua saa nzima kugeuza mchoro mmoja, tena kwa kuunguruma.

Tukakaa shauri baada ya swala ya Isha. Bibi yake akauza mbuzi wawili. Ami yake aliyeko Maskati akaleta sehemu yake, nasi wazazi tukatoa tulichokuwa tumekiweka kwa ajili ya kupaka nyumba rangi. Jumla ikafika shilingi 130,000. Kwetu sisi hizo si fedha za mchezo, na kila aliyechangia aliziona ni amana mikononi mwa kijana.

Mahitaji kwanza, duka baadaye

Kabla ya kununua hata skrubu moja, kijana alituketisha akatueleza viungo. Prosesa ndiyo ifanyayo hesabu. Kadi ya michoro ndiyo izaayo picha, na katika michoro ya pande tatu hubeba mzigo mkubwa. Kumbukumbu ya muda, ambayo mafundi huiita ramu, ni mfano wa meza ya kazi: ikiwa finyu, vitu huwekwa sakafuni na kazi huchelewa. Diski ni ghala. Ubao mkuu, au mazabodi kwa lugha ya madukani, huviunganisha vyote, na pawasaplai huugeuza umeme wa ukutani wa volti 240 kuwa umeme mdogo ambao viungo huuhimili.

Rafiki mmoja alitushauri tununue moja ya zile kompyuta za ofisini zilizokwisha tumika ng'ambo, ambazo hujaa katika maduka ya Nairobi na Mombasa. Ushauri huo si mbaya kwa anayetaka kuandika barua na kuweka hesabu za duka. Lakini kompyuta nyingi za namna hiyo, hasa zile nyembamba, zina mazabodi na pawasaplai za umbo la peke yake lisilolingana na kasha jingine lolote, na kadi kubwa ya michoro haiingii ndani yake. Mwenye kutaka nguvu hukwama hapo. Kompyuta iliyojengwa kwa viungo vya vipimo vya kawaida, kwa upande mwingine, huweza kukuzwa kidogo kidogo: leo ramu, mwakani kadi, na kasha likabaki lile lile.

Basi tukaamua kujenga. Sehemu kubwa ya fedha iliingia katika kadi ya michoro na prosesa yenye viini 8. Tukanunua ramu ya gigabaiti 32, diski ya kielektroniki isiyo na kitu kinachozunguka ndani yake, na pawasaplai ya wati 650 ya kampuni inayojulikana. Skrini tulipata iliyotumika. Hadi hapo hatukukosea.

Kosa letu

Siku ya kununua kasha tulisafiri na kijana hadi Mombasa. Muuzaji alituwekea mawili mezani. La kwanza lilikuwa jeusi, lisilo na urembo, na uso wake wote ni wavu wa chuma wenye matundu madogo. La pili lilikuwa na uso wa kioo na ubavu wa kioo, na ndani yake feni zenye taa zinazobadilika rangi kama za ukumbi wa harusi.

Kijana aliomba la kwanza. Sisi tukacheka. Tukasema lina uso wa chekeche, na kwamba kitu chenye thamani hii kitakaa sebuleni, wageni watakiona, ami yake akipiga simu ya picha atataka kuona fedha zake zimekwenda wapi. Kijana alieleza mara moja kwamba hewa haipenyi kioo. Alipoona tumeshaamua akanyamaza, kama anyamazavyo mtoto aliyelelewa vizuri mbele ya wazazi wake. Tukalipia la kioo, na likazidi lile jingine kwa shilingi 1,500.

Mwanzo mambo yalikwenda sawa. Kisha ikaja Februari. Kila msomaji wa Voi ajua Februari yetu ni nini: jua la mchana hupeleka joto zaidi ya nyuzi 30, mabati hulia, na upepo huinua vumbi lile jekundu ambalo limewapa ndovu wa Tsavo rangi yao. Ikifika saa sita mchana kompyuta huanza kuzorota. Ikifika saa nane hujizima ghafla, na kazi isiyohifadhiwa hupotea. Zilikuwa zimebaki wiki tatu kijana akabidhi mradi wake wa mwisho.

Kijana akabuni njia yake. Akawa halali. Alianza kazi saa nne za usiku na kumaliza karibu na alfajiri. Nasi, badala ya kumuuliza sababu, tukajipa jibu wenyewe. Mtoto akeshaye mbele ya kompyuta yenye nguvu, tukasema, hana jingine ila michezo, na hiyo michezo ndiyo iliyoiharibu mashine. Tulimkanya kwa maneno makali mbele ya wadogo zake. Kisha tukaufunga mlango wa sebule kila usiku na kuuchukua ufunguo. Kwa maneno mengine, tulimnyima saa zile tu ambazo kompyuta ilikuwa ikifanya kazi.

Hali iliendelea hivyo siku nne. Siku ya tano alikuja jirani yetu, mtu mzima ambaye maisha yake yote ametengeneza redio na majokofu, kutazama jokofu letu. Akasikia mashine ikivuma sebuleni. Akaisogelea, akainama.

"Sheikh," akasema, "hebu weka kiganja chako hapa mbele, kwenye kioo. Wasikia upepo ukiingia?"

Hatukusikia kitu.

"Sasa weka nyuma."

Nyuma ilitoka hewa ya moto kama ya mlango wa tanuri. Jirani akaomba bisibisi, akafungua skrubu mbili, akauvua ubavu wa kasha na kuuegemeza ukutani. Kijana aliwasha programu inayopima joto. Prosesa ilikuwa katika nyuzi 97. Baada ya dakika kumi, kwa kuvuliwa ubavu tu, ikashuka hadi 84, na mchoro uliokuwa ukijikokota ukaanza kugeuka.

"Mmemnunulia mtoto jiko," jirani akasema, akarejea kwenye jokofu lake.

Kijana hakusema neno. Ndipo aibu ilipotuingia.

Joto hufanya nini

Tumejifunza baadaye, na twapenda wasomaji wajue. Umeme wote unaoingia kwenye kompyuta hatimaye hugeuka kuwa joto. Mashine inayotumia wati 400 hutoa joto la wati 400 ndani ya kisanduku cha ukubwa wa mto wa kulalia. Feni haina uwezo wa kutengeneza baridi. Hubadilisha hewa tu, ikileta ya chumbani na kuondoa ya ndani. Kwa hiyo kiungo hakiwezi kupoa kuliko hewa inayoletewa.

Tuchukue mfano. Tuseme prosesa, ikiwa kazini, huzidi joto la hewa inayoizunguka kwa nyuzi 50. Huko Wundanyi, juu ya vilima vya Taita, ambako chumba huwa na nyuzi 20, prosesa itasimama kwenye 70. Hapa Voi, chumba kikiwa na 33, itafika 83. Ukilifunga kasha kwa kioo, hewa ya ndani nayo ikapanda nyuzi 10 au zaidi, umefika 93. Prosesa nyingi za siku hizi zimewekewa mpaka kati ya nyuzi 95 na 100. Zikiukaribia hupunguza kasi zenyewe ili zisiungue, na hatari ikizidi mashine hujizima. Huko si kuharibika. Ni mashine kujilinda. Lakini mwenye kazi ya haraka haoni tofauti.

Ndiyo maana kasha linalosifiwa katika nchi za baridi huweza kuwa adhabu kwetu. Kompyuta ile ile, yenye viungo vile vile, ni farasi Wundanyi na ni punda Voi, ikiwa kasha halikuchaguliwa kwa kuangalia mahali.

Namna ya kuchagua kasha

Tazama kwanza vipimo. Mazabodi ya kawaida iitwayo ATX ina milimita 305 kwa 244, na ndugu yake mdogo, maikro ATX, ni mraba wa milimita 244. Kasha la kubwa hupokea dogo. Kinyume chake haiwezekani. Kisha pima urefu wa kadi ya michoro, kwa kuwa kuna kadi zinazozidi milimita 300, na kimo cha kipoza cha prosesa. Muuzaji mwaminifu atakuonyesha vipimo hivi katika karatasi ya kasha. Viandike kabla ya kutoka nyumbani.

Pili, tazama uso. Uso uwe wavu wa chuma, au uwe na matundu mapana ya kuvutia hewa. Uweke kiganja mbele yake, umwombe muuzaji awashe feni; kiganja hakidanganyi. Ubavu wa kioo hauna madhara makubwa, mradi uso upumue.

Tatu, tazama njia ya hewa. Feni mbili au tatu za mbele, za milimita 120 au 140, zivute hewa ndani. Moja ya nyuma iitoe nje. Hewa ya moto hupanda, basi haifai kuilazimisha ishuke. Waya zote zipitishwe nyuma ya bamba linaloshika mazabodi, zisije zikasimama katikati ya upepo kama nguo kwenye kamba.

Nne, na hili kwa Voi na Mwatate ni la lazima, tazama machujio. Mbele pawe na chujio jembamba linalovuliwa kwa mkono bila bisibisi, na chini, pawasaplai inapovutia hewa, pawe na jingine. Hewa inayoingizwa kwa feni izidi kidogo inayotolewa. Hapo hewa ya ndani itatafuta kutoka kupitia kila upenyo, na vumbi halitapata nafasi ya kuingia ila kupitia chujio. Feni za kutoa zikizidi, kasha hunyonya vumbi kwa kila ufa.

Wasomaji wetu wa Mombasa, Malindi na Lamu wana adui mwingine, nayo ni chumvi ya bahari pamoja na unyevu. Kwao twashauri kasha la chuma kilichopakwa rangi imara pasipo mikwaruzo, na mashine isikae karibu na dirisha linaloelekea ufukweni.

Kuhusu bei, hesabu yetu ni nyepesi: kasha lisizidi sehemu moja ya kumi ya fedha yote, na kila shilingi iingie kwanza katika hewa, ndipo katika urembo. Kununua taa za rangi hali mtoto hana pawasaplai ya kuaminika ni israfu ya wazi.

Siku ya kujenga upya

Tulirudi Mombasa tukalileta lile kasha lenye uso wa chekeche. Safari hii kijana ndiye aliyechagua, nasi tulibeba tu. Kazi ya kuhamisha viungo aliifanya Jumamosi asubuhi juu ya meza ya kulia chakula, sote tukitazama.

Alianza kwa kuzima kila kitu na kuchomoa plagi. Kila baada ya muda aligusa chuma kitupu cha kasha ili kuondoa umeme tuli mwilini, ule unaotuchoma vidole tukivua nguo za nailoni. Kwetu ni mshtuko mdogo, kwa ramu huweza kuwa kifo. Alifunga kwanza vinguzo vidogo vya shaba ambavyo mazabodi hukalia, kwani mazabodi ikigusa bamba la kasha moja kwa moja huweza kupiga shoti. Aliifuta ile marhamu ya kupitisha joto iliyokauka juu ya prosesa, akaweka mpya kadiri ya punje ya mbaazi, kisha akakikaza kipoza skrubu kwa skrubu, kwa mkato, ili kilale sawa. Kadi ya michoro iliingia mwisho. Skrubu hazikukazwa kwa nguvu. Mdogo wake wa kike ndiye aliyezishika katika kisahani cha chai, akizihesabu.

Tulipoiwasha, saa saba za mchana wa Februari ile ile, na mchoro mzito ukigeuka, prosesa ilisimama kwenye nyuzi 78. Ilibaki hapo mchana kutwa.

Mambo matatu twayaongeza kwa aliye na nia kama yetu. Umeme wetu hukatika na kurudi kwa kishindo, basi mashine ya namna hii isichomekwe ukutani moja kwa moja. Iwekee betri ya dharura, ile iitwayo yupiesi madukani, yenye uwezo unaozidi matumizi ya mashine, upate dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Ukiisafirisha kwa basi au kwa treni, ivue kadi ya michoro na uifunge kando, kwa kuwa uzito wake huweza kuivunja mazabodi njiani. Na mashine isikae sakafuni, wala isifunikwe kitambaa inapofanya kazi. Akina bibi hupenda kuvika kila chombo kitambaa cha kufuma. Na kivikwe, lakini baada ya kuzimwa na kupoa.

Usafi nao una siku yake. Kila Jumamosi huvua chujio, tukalipiga taratibu nje ya mlango, tukaliosha na kulianika kivulini. Maji yanayotoka ni mekundu kama chai ya rangi. Kila tukiyaona twakumbuka kwamba vumbi hilo lilikuwa likielekea ndani ya mashine.

Tulilobaki nalo

Waswahili walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Methali hii tulikuwa tukiwahubiria watoto wetu kila tulipozungumzia marafiki na wachumba. Hatukujua kwamba sisi wenyewe tungelipa mlango na kuisahau nyumba. Na lililotuuma zaidi ni kwamba kosa la kasha lilitufanya tumdhanie vibaya mtoto ambaye alikuwa amesema kweli tangu dukani.

Jioni ile tuliwaita wadogo zake wale wale waliosikia karipio. Mbele yao tulimwambia kijana kwamba tulimdhulumu, kwamba hakuwa akicheza, na kwamba ufunguo wa sebule ni wake hadi amalize. Haikuwa rahisi kutamka. Alitazama chini, kisha akasema, "Baba, Mama, yamekwisha." Akaomba tu asiamshwe mapema siku inayofuata. Mradi aliukabidhi siku mbili kabla ya muda, alhamdulillahi.

Kwa hiyo, wazazi wenzetu, mtoto akikwambia jambo la fani yake, mpe sikio kabla ya kumpa hukumu. Na ukiona anakesha, muulize kwanza mchana kuna nini.

Lile kasha la kioo hatukupata wa kulinunua. Lipo sebuleni hadi leo. Bibi yao amelifanya sanduku la nyuzi zake za kufumia, na wageni wakija hulisifu.